Macho Makavu na Mekundu Asubuhi: Usikimbilie Matone

Tangu mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu uliotusumbua hapa Mombasa na kwingineko Pwani mwanzoni mwa mwaka 2024, mkazi akiamka na jicho jekundu hudhani ameambukizwa tena. Huenda duka la dawa, huomba matone yale yale aliyotumia wakati ule, na kurudi nyumbani. Mara nyingi jicho hilo halina maambukizi. Limekauka tu.

Maambukizi huanza ghafla, aghalabu jicho moja kisha la pili, na huleta machozi mengi na tongotongo zinazogandisha kope. Huenda na mwingine nyumbani anaugua. Jicho kavu huwasha kana kwamba lina mchanga, huwa hivyo kwa wiki kadhaa, na kwa wengi wanaolikausha usingizini hupata nafuu kadiri siku inavyosonga.

Machozi si maji matupu. Juu yake kuna utando mwembamba wa mafuta, unaotoka kwenye vitezi vya ukingo wa kope, ambao huyazuia kukauka. Tukilala, machozi hutoka kidogo. Kope zisipofunga sawasawa (na hili hulijui mpaka uambiwe na anayelala nawe), sehemu ya jicho hubaki wazi usiku kucha. Sasa ongeza pangaboi linalopuliza usoni hadi alfajiri, kama tulivyozoea wakati wa joto la kaskazi.

Wapo pia wenye magamba na uvimbe kwenye mashina ya kope, hali inayoziba vitezi hivyo vya mafuta. Umri mkubwa, kukoma hedhi, kisukari, na baadhi ya dawa za mafua na mzio, hasa zile zinazoleta usingizi, hukausha macho pia. Moshi wa jikoni huzidisha tatizo.

Anza na pangaboi: lielekeze miguuni au ukutani. Asubuhi na jioni, weka kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu juu ya macho uliyoyafumba kwa dakika 5 hadi 10, kisha sugua ukingo wa kope taratibu. Matone ya machozi bandia husaidia mchana. Wakati wa kulala muulize mfamasia kuhusu malhamu ya kulainisha jicho. Malhamu hiyo hutia ukungu machoni, kwa hivyo ipake ukiwa tayari kitandani.

Chai ya rangi, maji ya chumvi ya nyumbani na maziwa ya mama visitiwe machoni. Kuna hatari nyingine isiyoonekana kirahisi. Baadhi ya matone yana steroidi. Wekundu huisha haraka, nawe unaona umepata dawa. Ukiyatumia kwa wiki nyingi bila kupimwa, yanaweza kupandisha presha ya jicho au kuleta mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hupasuliwa. Uoni uliopotea kwa presha ya jicho haurudi. Kabla ya kununua, uliza kama yana steroidi, na usiazime chupa ya jirani.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ikiwa jicho linauma sana, haliwezi kustahimili mwanga, limepungua kuona, limeumizwa, au una lenzi ya kuvaa na limegeuka jekundu. Mtoto mchanga mwenye macho mekundu au yanayotoa usaha apelekwe bila kungoja. Kwa ukavu wa kawaida, usipopata nafuu baada ya wiki mbili, omba kuonwa kwenye kliniki ya macho, na ubebe dawa zote unazotumia.