Je, Wajua? Mbega Mwekundu Hulikwepa Tunda Bivu

Kijiji cha Mwamgongo kimepakana na Hifadhi ya Taifa ya Gombe upande wa kaskazini. Humo msituni, mbega mwekundu hulikwepa tunda bivu! Tumbo lake lina vyumba kadhaa ambamo bakteria huchachusha majani, na sukari nyingi huweza kulijaza asidi. Ndiyo maana hupendelea majani machanga na matunda mabichi. Kima mwenye mkia mwekundu yeye huchuma matunda harakaharaka, akayasokomeza katika vifuko vya mashavuni hadi uso ukavimba, kisha akaenda kuyatafuna penye usalama. Baadhi ya mbegu anazotema huota mbali na mti mama. Nyani nao hula chikichi, tunda lilelile litoalo mawese ya Kigoma. Ukikutana nao, tafadhali usiwape chakula.