Goma: Ramani ya kompyuta, somo linalofaa wanafunzi wa mji wa volkano

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 17, 2002, lava ilipita katikati ya mji wa Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Mei 22, 2021 ililipuka tena, ila lava ikasimama kabla ya kufika uwanjani. Siku tano baadaye, wakaaji wa kata 10 kati ya 18 za mji waliamriwa kuhama. Wengi walikimbilia Sake, wengine Rwanda. Familia nyingi zilijiuliza: je, kata yetu imo? Tupite barabara gani?

Ramani inaweza kujibu maswali hayo, na vijana wa Goma wanaweza kuichora wenyewe.

Mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao kwa Kifaransa huitwa SIG, hupanga habari kwa tabaka. Tabaka moja ni lava ya 2002, lingine lava ya 2021, mengine ni barabara, mashule, vituo vya afya na mabomba ya maji. Ukiyaweka moja juu ya lingine, unaona ni shule gani iliyojengwa juu ya njia ya lava, na ni kata gani yenye barabara moja tu ya kutokea.

Vifaa vya kuanzia havilipiwi. OpenStreetMap, iliyoanza 2004, ni ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea habari. QGIS ni programu ya kompyuta ya kupanga tabaka hizo. Nayo simu yenye GPS hupata mahali ulipo kutoka satelaiti, bila kutumia mega.

Mwanafunzi huanza kwa kuchora nyumba na njia akifuata picha za satelaiti. Kisha hutembea katani. Picha haiambii jina la avenyu, wala kama njia inapitika mvua ikinyesha. Hayo wanayajua wakaaji.

Tahadhari mbili katika jimbo hili la vita: mwone kwanza mkuu wa kata umweleze kazi yako, na usiandike kamwe majina ya wenye nyumba wala mahali walipo wenye silaha.

Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, huangalia mlima. Vichochoro vya Majengo au Mabanga vinajulikana zaidi na vijana waliokulia humo. Ni vema viwe kwenye ramani kabla mlima haujaamka tena.