Hita ya Kuanguliwa Mayai ya Kambare

Kikundi kinachoangua kambare sehemu za baridi hupambana na maji baridi. Kwa nyuzi 28 mayai huanguliwa kwa siku moja hivi. Kwa nyuzi 20 huchukua zaidi ya siku mbili, na ukungu huyaharibu. Hita ya kuzamishwa majini, yenye kidhibiti joto ndani yake, yasaidia. Lakini ni stima ndani ya maji, kwa hivyo tuwe macho.

KUCHAGUA. Hesabuni wati moja kwa kila lita. Penye baridi kali, wati mbili. Tangi la lita 100 basi lataka wati 100 hadi 200. Hita mbili za wati 100 ni bora kuliko moja ya 200: moja ikikataa kujizima, haitapika mayai upesi, ikifa, nyingine yaendelea. Funikeni tangi, joto lisipotee.

KUTUMIA.
1. Izamishe hadi alama, karibu na mapovu ya hewa. Ngoja nusu saa ndipo uwashe.
2. Usiiwashe nje ya maji. Kioo chaweza kupasuka.
3. Waya ulegee chini kuliko soketi, matone yaanguke sakafuni, yasifuate waya hadi kwenye plagi.
4. Pima maji kwa kipimajoto asubuhi na jioni. Usiamini namba za hita pekee.
5. Chomoa plagi kabla ya kutia mkono majini. Stima ya volti 240 huua.

Fundi awawekee pia swichi inayokata stima ikivuja. Mayai hupatikana tena, mwanakikundi hapatikani.