Mashine alipokataa: ngeli katika bunilizi za kisayansi

Jumamosi iliyopita kijana mmoja niliyewahi kumfundisha alinitembelea hapa Wote akiwa na hadithi fupi ya kurasa tisa. Ni hadithi ya miaka mingi ijayo. Kando ya Mto Kaiti imewekwa mashine ya kuhesabu mchanga, na kila lori linalopakiwa huandikwa. Siku moja mashine inaamriwa kuidhinisha shehena ya mwisho. Hapo kijana akaandika: "Mashine akakataa."

Mazoea yana taabu. Nilitoa kalamu nyekundu nikapiga mstari. Mashine imo katika ngeli ya I-ZI. Basi ni "ikakataa", si "akakataa". Kijana akatabasamu. "Mwalimu, hebu rudi nyuma uhesabu." Nikarudi. Kwa kurasa nane nzima mashine "ilihesabu", "iliandika", "ilizimwa". Ni mara moja tu, mwishoni, ambapo "i-" iligeuka kuwa "a-".

"Hapo sijakosea," akasema. "Hapo ndipo inapopata roho."

Nilinyamaza. Makala haya ni jibu nililoshindwa kumpa siku ile.

Tuanze na istilahi. Wengi husema "hadithi za kisayansi", ila jina hilo laweza pia kumaanisha somo la sayansi lililosimuliwa kama hadithi. "Bunilizi za kisayansi" linafaa zaidi. Kama vile "simulia" huzaa "simulizi", "bunilia" huzaa "bunilizi", yaani kazi ya kubuni. Dada yake ni fantasia. Katika bunilizi ya kisayansi, ajabu huwa na sababu inayoweza kufuatwa: chombo, ugonjwa, ugunduzi. Katika fantasia, ajabu ina kanuni zake lakini haidaiwi maelezo. Mchanga wa Kaiti ukihesabiwa na mashine inayofikiri, hiyo ni bunilizi ya kisayansi. Ukilindwa na aimu, yaani mizimu ya simulizi za Wakamba, tumeingia katika fantasia.

Tena ajabu hiyo haielei hewani. Mito yetu mingi ni ya msimu. Mvua ikipita, maji hubaki chini ya mchanga na watu huyachimbua. Mchanga ukizolewa wote, maji nayo huaga. Ndiyo maana Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mwaka wa 2015. Bunilizi nzuri hufanya hivyo: huchukua hofu ya leo na kuisukuma mbele ili tuione vizuri. Wanuri Kahiu alifanya vivyo hivyo katika filamu yake fupi Pumzi ya mwaka wa 2009, inayosawiri dunia baada ya vita vya maji.

Ajabu si ngeni katika Kiswahili. Katika Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, ndugu wawili wanageuzwa manyani. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi anamtia Dzombo katika chombo cha kumpeleka mautini, naye anakiongoza hadi nchi nyingine. Kyallo Wadi Wamitila anavunja mipaka ya uhalisia katika Bina-Adamu! (2002). Lakini hizo ni riwaya. Hadithi fupi tunaijua zaidi kupitia diwani teule za shule, ambako husomwa kwa ajili ya mtihani.

Kwingineko utanzu huu ulilelewa na majarida. Hugo Gernsback alianzisha Amazing Stories nchini Marekani mnamo 1926, na waandishi chungu nzima wakajifunzia kazi katika majarida ya aina hiyo. Jarida humpa mwandishi mchanga vitu vitatu: kikomo cha maneno, mhariri na msomaji anayengoja toleo lijalo. Barani Afrika, Omenana lilianzishwa na Wanigeria mwaka wa 2014, na mwanzoni mwa 2015 kundi la Jalada, lenye makao yake Nairobi, likatoa toleo kuhusu Afrika ya siku zijazo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hizi huandikwa kwa Kiingereza.

Ndipo penye kidonda. Kijana wangu alitaka hadithi yake isomwe, basi akaitafsiri. Alipofika kwenye "akakataa", alikwama. Kiingereza kilimtaka ama abaki na kiwakilishi cha kitu, ama achague cha kiume au cha kike, ama aazime kile cha wingi. Mashine yake haikuwa mume wala mke, wala haikuwa nyingi. Kiambishi "a-" hakiulizi jinsia. Kinauliza tu kama una uhai. Sauti moja ndogo ilikuwa imebeba hadithi nzima, na katika tafsiri ikadondoka.

Je, tungeweza kufanya vingine? Naam. Mwaka wa 2016 Jalada lilichapisha ngano ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyoandikwa kwa Kikuyu, kuhusu jinsi binadamu alivyoanza kutembea wima. Ikatafsiriwa kwa zaidi ya lugha 30, Kiswahili na Kikamba zikiwemo. Safari ilianzia katika lugha ya mwandishi, Kiingereza kikawa kituo kimojawapo tu.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Mwanafunzi anayesema "mashine akakataa" kwa kutojua, msahihishe. Lakini kwanza rudi nyuma uhesabu, kama nilivyofundishwa. Kanuni ya upatanisho wa kisarufi inajulikana vyema na yule anayeivunja mara moja tu, mahali panapostahili.

Nakala ya kijana bado iko mezani pangu. Nimeandika pembeni, kwa kalamu ya risasi: "Acha ilivyo." Mstari mwekundu, kwa bahati mbaya, haufutiki.