Nguvu ya Kisheria ya Kura ya Maoni

Kura ya maoni, yaani upigaji kura ambapo wananchi huamua hoja badala ya kuchagua viongozi, haina nguvu sawa kila mahali. Nchini Uingereza, ambako Bunge ndilo lenye mamlaka ya juu, kura ya mwaka 2016 ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya ilikuwa ushauri tu kisheria, hata Mahakama ya Juu ikaamua Januari 2017 kwamba serikali haikuweza kuanza kujitoa bila sheria ya Bunge. Kenya imechagua njia iliyo bora zaidi: chini ya Katiba ya 2010, mabadiliko ya mambo ya msingi, kama muhula wa Rais, yakishaidhinishwa na wananchi na kuthibitishwa rasmi, Rais hulazimika kuyatia saini ndani ya siku 30.