Nundu za Kichwani na Usoni

Mtoto wa chuoni anaponyolewa upara hudhihirika mengi yaliyositiriwa na nywele, na hapa Mkoani, Pemba, aghalabu kinyozi ndiye wa kwanza kuiona nundu ya utosini au ya kisogoni, kabla ya mama mtu. Walakini kuiona si kuitambua. Wengi wetu huipima hatari ya uvimbe kwa maumivu yake, tukauogopa uwakao na kutoa usaha, tukaupuuza ule ulionyamaza. Ilhali katika ngozi ya kichwa na ya uso mambo mara nyingi huwa kinyume cha hivyo.

Yatazame mapunye, maradhi ya kuvu ambayo kila nyumba inayajua. Pengine humpanda mtoto kwa ghadhabu, likainuka tuta laini lenye kubonyea, limejaa vitundu vitokavyo usaha, nywele zikang'oka kwa kuvutwa kidogo tu, na tezi za nyuma ya masikio zikavimba. Na hapo husemwa kuwa ni jipu, akatafutwa mtu wa kulipasua. Usaha ule aghalabu ni alama ya mwili unaopigana na kuvu, na kisu hakiongezi kitu ila kovu. Tiba yake ni dawa ya kumeza, kama vile grisofulvini, kwa muda wa wiki 6 hadi 8, madhali dawa ya kupaka haifiki kwenye shina la unywele. Na mtoto akicheleweshwa, mahali pale huweza kubaki hapaoti nywele maisha yake yote.

Uvimbe wa mviringo unaoteleza chini ya kidole, uliokaa miaka bila ya kubadilika, kwa kawaida ni kifuko kilichojaa nta ya ngozi, au ni mafuta tu. Vipele vigumu vya kisogoni mwa wanaume huchochewa na kunyoa karibu mno. Na vile visundosundo vyeusi vya mashavuni mwa watu wazima ni urithi wa ukoo; kuvifunga uzi ili vikatike ni kujitafutia kidonda bila ya sababu.

La kuhofiwa ni lile linalokua bila ya kusita, gumu, lililoshikamana na chini, litokalo damu kwa kuguswa kidogo, au kidonda ambacho mwezi umepita hakijafunga. Wenye ualbino ndio walio hatarini zaidi, hususan usoni, masikioni, midomoni na shingoni, na kazi ya kuanika karafuu juani haiwahurumii. Kofia yenye ukingo mpana kwao ni dawa, si pambo. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua kwa ajili yao.

Kwa watoto, taya linalovimba na meno yakalegea halingojewi hata wiki moja. Denis Burkitt, tabibu mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliueleza uvimbe huo mwaka 1958. Na alipozunguka kwa gari mwaka 1961, akiuliza hospitali baada ya hospitali hadi kusini mwa Afrika, ilibainika kuwa unafuata nchi za joto na mvua. Unguja na Pemba, zenye joto na mvua kama hizo, zilitoka katika kanuni hiyo, na baadaye wataalamu wakalihusisha jambo hilo na vita vilivyokuwa vimepiganwa humu dhidi ya malaria. Uvimbe huo hukua upesi ajabu, lakini ukiwahiwa kwa dawa huyeyuka upesi vilevile.

Aendaye Hospitali ya Abdulla Mzee, hapa Mkoani, achukue tarehe ya nundu kuliko jina alilopewa na majirani: ilianza lini, imekua kwa kiasi gani, imewahi kutoa damu au la, wala asiipake kitu siku hiyo. Daktari akiingiwa na shaka atakata kipande kidogo kwa ganzi, kikatazamwe kwa hadubini, kwani hata jicho lililozoea hudanganyika. Na kukata huko hakuenezi saratani, ingawa hofu hiyo ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani kabla hawajaitwa ndani.