Mkate wa chachu: Tanuri la kikundi linalipa?

Kwa vikundi vya kuweka na kukopa vya Mwanza na miji mingine ya kando ya Ziwa Victoria, tanuri la mikate ni mradi unaovutia haraka. Mkate huliwa kila siku, huuzwa kwa fedha taslimu na hauhitaji mtambo mkubwa. Mvuto huo unaongezwa na mkate wa chachu ya asili, ambao Ulaya na Marekani huuzwa kwa bei ya juu kuliko mkate wa kawaida. Hata hivyo, kabla mwanachama hajatoa akiba yake kununua hisa, ni vema afahamu faida ya biashara hii inatoka wapi, kwani haitoki pale ambapo wengi hudhani.

Chachu yenyewe haina siri. Unga na maji vikichanganywa na kuachwa siku kadhaa, huku vikiongezewa unga na maji mapya kila siku, hamira za asili zilizomo huzaliana na kutoa hewa inayoumua donge. Bakteria nao hutoa asidi inayoleta uchachu. Sehemu ya chachu hukandiwa mkate wa leo na sehemu hubakizwa kwa ajili ya kesho. Ndivyo mikate ilivyoumuliwa kwa maelfu ya miaka kabla ya hamira ya kiwandani kuenea katika karne ya 19.

Uchachu si mgeni kwa mlaji wa Kanda ya Ziwa. Ugali wa udaga, unaotokana na muhogo uliochachushwa, pamoja na togwa na mtindi, ni vyakula vya nyumbani. Kilicho kigeni ni kuukuta uchachu huo ndani ya mkate, kwani mnunuzi wa dukani amezoea mkate laini wenye sukari.

Hesabu ya mfuko mmoja

Wanaoutetea mkate huu husema kwamba unaokoa gharama ya hamira. Ni kweli, lakini kiasi chenyewe ni kidogo. Mfuko wa unga wa kilo 50, ukiongezewa lita 30 za maji na kilo moja ya chumvi, hutoa mikate 140 hivi ya nusu kilo baada ya maji mengine kupotea tanurini. Mfuko huo huhitaji karibu nusu kilo ya hamira kavu. Tukichukulia kwa mfano kwamba nusu kilo hiyo inagharimu Sh 7,000, kuiacha kunaokoa Sh 50 kwa kila mkate.

Kwa upande mwingine, bei ya mfuko wa unga ikipanda kwa Sh 10,000 tu, gharama ya kila mkate huongezeka kwa Sh 71. Akiba yote ya hamira imekwisha na deni limebaki. Nayo bei ya unga haipangwi Mwanza. Tanzania inalima ngano katika maeneo kama Hanang, lakini sehemu kubwa ya ngano inayosagwa nchini huagizwa kutoka nje. Machi 2022, majuma machache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei ya ngano katika soko la Chicago ilipanda kufikia rekodi, na waokaji wa Afrika Mashariki wakaonja uchungu wake.

Kinachouzwa katika mkate wa chachu, kwa hiyo, ni muda. Donge la hamira huumuka kwa saa mbili au tatu, na la chachu huhitaji saa nane au zaidi, ingawa joto la Mwanza hukatisha muda huo. Mwaka 1961 watafiti wa Chorleywood nchini Uingereza walibuni njia ya kukanda kwa mashine za kasi ili kuondoa kungoja kwa saa nyingi, na viwanda vikubwa vikaifuata kwa sababu kwao muda ni gharama. Kikundi kinaweza kukanda jioni na kuoka alfajiri, huku donge likifanya kazi usiku bila kulipwa.

Soko la visiwani

Muda huo una malipo yake. Asidi ya chachu huchelewesha ukungu na ukavu, hivyo mkate hukaa siku nyingi zaidi. Kwa mteja wa katikati ya jiji anayenunua kila asubuhi, sifa hiyo si kitu. Kwa mwenye duka wa Ukerewe, Ukara au Kome, ambaye mzigo wake husafiri kwa maji, na kwa mvuvi anayekaa kambini, ni tofauti ya faida na hasara. Wafanyabiashara wa dagaa wanaofika Mwaloni Kirumba hurudi visiwani na bidhaa, na hao ndio wabebaji wa kwanza wa kufikiriwa.

Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 19, 2025, nalo limeondoa adha ya kusubiri kivuko kuelekea Sengerema na Geita. Lakini barabara hiyo hiyo inalifikisha pia gari la kiwanda kikubwa. Anayeshindana kwa bei peke yake atashindwa.

Nani anashika daftari?

Katika miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Usagishaji lilijengewa kiwanda cha mikate cha kujiendesha jijini Dar es Salaam kwa msaada wa Kanada, na wachumi wakahoji kwa nini fedha hizo hazikwenda kwenye matanuri madogo ambayo yangeajiri watu wengi zaidi. Hoja yao bado ina uzito. Lakini udogo peke yake hauleti usalama. Wazee wa Mwanza wanakumbuka jinsi vyama vikuu vya ushirika, pamoja na vile vya pamba vilivyojengwa kwa jasho la wakulima wa kanda hii, vilivyovunjwa na serikali mwaka 1976 bila wanachama kuulizwa.

Mfano wenye mafunzo unatoka Slaithwaite, kaskazini mwa Uingereza, ambako The Handmade Bakery ilianza mwaka 2009. Wateja walilipia mikate mapema, na baadaye wakazi waliokopesha fedha za kupanua kazi walilipwa riba kwa mikate. Wanunuzi walihesabiwa kwanza, mitambo ikafuata.

Kikundi cha Mwanza kinaweza kuanza na mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Aidha, kitalazimika kupitia Shirika la Viwango (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Lakini mwenye kununua hisa aulize kwanza maswali matatu: ni maduka mangapi yameahidi kuchukua mikate na kulipa lini, unga wa majuma mangapi umewekwa akiba bei ikipanda, na daftari la mauzo linasomwa mbele ya wanachama kila baada ya siku ngapi. Majibu yasipopatikana, afadhali fedha zibaki kwenye sanduku la kikundi.